Bakapu Mnayo, Lakini Je, Mmewahi Kuirudisha Kwenye Mashine Nyingine?

Kila ninapoitwa kuangalia kompyuta za taasisi hapa kwetu Pwani, iwe ni chuo, hospitali au chama cha akiba na mikopo, huuliza swali moja kabla sijafungua mkoba wangu: mashine hii kuu ikifa leo usiku, kesho asubuhi watu wataingia kazini vipi? Jibu halibadiliki. "Usiwe na wasiwasi, fundi, bakapu tunayo." Kisha huonyeshwa diski ya nje iliyofungiwa kabatini, au flashi yenye kibandiko cha tarehe.

Diski ni nzuri na flashi ni nzuri. Ninalotaka kujua ni kama kuna mtu yeyote pale aliyewahi kuchukua kilichomo ndani, akakirudisha kwenye mashine nyingine kabisa, kikafanya kazi. Hapo ndipo watu huanza kutazamana. Katika makala haya nataka kueleza kazi hiyo ya kurudisha, na nitaieleza kwa kutumia mashine moja mahsusi, yaani seva ya saraka. Nimeichagua kwa sababu katika taasisi nyingi ndiyo mashine inayokumbukwa mwisho wakati wa kupanga bajeti, na ndiyo ikizima huzima na nyingine zote.

Saraka ni nini hasa

Chukulia chuo chenye maabara tatu za kompyuta, Wi-Fi, barua pepe na mfumo wa kusajili mitihani. Mwanafunzi ana jina moja la kuingilia na nywila moja, na kwa hizo huingia kote. Hilo linawezekana kwa sababu mifumo hiyo haiweki kila mmoja orodha yake ya watu. Yote huenda kuuliza mahali pamoja: huyu anayesema ni fulani, ni yeye kweli? Yumo katika kundi la walimu au la wanafunzi? Akaunti yake ingali hai? Mahali hapo panapojibu maswali ndipo penye seva ya saraka. Ni daftari la nani ni nani, na mlinzi wa mlango kwa wakati mmoja.

Lugha inayotumika kuuliza maswali hayo huitwa LDAP. Ilianzia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ambako Tim Howes na wenzake walitafuta njia nyepesi ya kuzifikia saraka za mfumo mzito uliotangulia, X.500 wa mwaka 1988. Maelezo rasmi ya kwanza ya LDAP yalichapishwa mwaka 1993. Mradi wa OpenLDAP, ambao programu yake ni ya bure na hutumiwa sana kwenye Linux, ulianza mwaka 1998. Kampuni ya Microsoft ilileta ya kwake, Active Directory, pamoja na Windows 2000. Mimi nitazungumzia zaidi OpenLDAP, halafu mwishoni niseme neno kuhusu Active Directory kwa wale wanaoitumia.

Ndani ya saraka watu hupangwa kama matawi ya mti. Jina kamili la mtu husomwa kama anwani ya barua, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa: uid=mwanafunzi01,ou=wanafunzi,dc=chuo,dc=ke. Yaani mwanafunzi wa kwanza, katika tawi la wanafunzi, katika chuo, katika Kenya. Chini ya anwani hiyo huandikwa sifa zake: jina, simu, barua pepe, kundi, na nywila iliyosagwa ili isisomeke.

Kwa nini mashine hufa hapa kwetu

Anayeishi karibu na bahari hahitaji kuelezwa chumvi hufanya nini kwenye bati na misumari. Kwenye kompyuta hufanya hivyo hivyo, ila polepole na bila kuonekana. Hewa yenye unyevu na chumvi hula miguu ya vijiti vya kumbukumbu na viunganishi vya ubao, hasa pale chumba cha seva kinapokuwa stoo yenye dirisha wazi kwa sababu kiyoyozi kiliharibika. Juu ya hayo kuna stima. Mwezi Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na taasisi ambazo betri zake za akiba zilikuwa zimechoka zilishuhudia mashine zikizima ghafla zikiwa katikati ya kuandika kwenye diski. Hata siku za kawaida, stima ikikatika na kurudi kwa kishindo mara tatu kwa saa moja, kinachoumia kwanza ni kisambaza umeme cha mashine na diski zake.

Wengine hunijibu kwamba wana seva mbili za saraka zinazonakiliana, hivyo moja ikifa ya pili ipo. Ni jambo jema na ningependa kila mtu awe nalo. Lakini seva mbili zinazonakiliana hunakili pia makosa. Karani akifuta kwa bahati mbaya tawi zima la wafanyakazi saa nne asubuhi, tawi hilo linafutika na kwenye seva ya pili muda mfupi baadaye. Seva pacha hukuokoa mashine inapokufa. Kosa la mkono na uharibifu wa makusudi huhitaji nakala ya jana iliyowekwa kando.

Chuo kimoja na siku tatu za giza

Nitaeleza kisa kimoja bila kutaja chuo. Seva yao ya saraka iliwekwa kabla ya mwaka 2015 na haikuguswa tena. Ubao wake uliungua wiki ambayo wanafunzi walikuwa wakisajili mitihani. Nilipofika, mkuu wa chuo alinipokea mlangoni. "Mwanangu, bakapu tunayo, na mashine mpya tumeshanunua. Wewe tuhamishie tu, saa mbili hivi tuwe tumemaliza." Nikamjibu, "Sawa Mwalimu, ila kwanza nionyeshe hiyo bakapu."

Bakapu ilikuwepo kweli. Kila usiku mashine ilinakili folda moja, /var/lib/ldap, kwenye diski ya nje. Ndani yake mlikuwa na mafaili ya hifadhidata yenyewe, yaliyonakiliwa huku seva ikifanya kazi. Mashine mpya nayo ilikuwa imewekewa mfumo mpya kabisa wa Linux, wenye OpenLDAP toleo la 2.5.

Tatizo la kwanza lilikuwa hapo. Seva ya zamani ilihifadhi data kwa aina ya hifadhidata iitwayo hdb. Kuanzia toleo la 2.5, OpenLDAP iliondoa aina hiyo kabisa na kubaki na mdb. Kwa hiyo mashine mpya ilipewa mafaili isiyoyajua. Tatizo la pili ni kwamba hakuna aliyenakili mipangilio ya seva: ni nani anaruhusiwa kusoma nini, saraka ina skima zipi, vyeti viko wapi. Mafaili hayo yalikuwa kwenye folda nyingine, na diski iliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya mashine iliyoungua.

Ilibidi tuunde kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta nyingine, tuiwekee mfumo wa zamani wenye toleo lile lile la hifadhidata, tutengeneze mafaili yaliyonakiliwa nusu nusu, ndipo tuweze kuyafungua na kuyatoa kwa maandishi. Mipangilio tuliiandika upya kwa kukumbushana. Kazi ya saa mbili ikawa siku tatu. Siku hizo tatu wanafunzi walikuwa wamejipanga nje ya ofisi ya mitihani, na karani mmoja akiandika majina kwa kalamu huku tarehe ya mwisho ya usajili ikikaribia. Kuna waliotoka mbali, waliolipa nauli mara tatu. Data yote iliokoka, lakini gharama ya kuiokoa ililipwa na watu wasiojua hata kama kuna kitu kinaitwa saraka.

Nini cha kunakili

Kutokana na visa vya namna hiyo, nimekuwa na orodha ya vitu vitano ambavyo bila hivyo saraka hairudi ikiwa nzima.

Cha kwanza ni data kwa maandishi. OpenLDAP ina programu iitwayo slapcat, ambayo huitoa saraka yote katika faili la maandishi la aina ya LDIF. Amri yenyewe ni slapcat -n 1 -l data.ldif, ambapo namba 1 kwa kawaida ndiyo hifadhidata ya watu. Kwa hifadhidata ya mdb amri hii huweza kutolewa seva ikiendelea kufanya kazi. Faili hilo halijali aina ya hifadhidata wala aina ya mashine. Unaweza kulifungua kwa kihariri chochote ukasoma. Ukiona sifa imefuatwa na nukta pacha mara mbili badala ya mara moja, usishtuke. Hiyo ni alama kwamba thamani yake imeandikwa kwa msimbo wa base64, na nywila huonekana hivyo karibu kila mara.

Wapo wanaotumia ldapsearch badala ya slapcat, wakidhani ni kitu kimoja. Sivyo. Programu ya ldapsearch huuliza seva kama mteja yeyote, hivyo hupewa kile tu anachoruhusiwa mteja huyo. Nywila zinaweza zisionekane. Sifa za ndani kama entryUUID, ambazo mifumo mingine huzitumia kumtambua mtu, hazitolewi mpaka ziombwe. Tena seva kwa kawaida hukata majibu inapofika rekodi 500. Taasisi yenye watu 800 itapata nakala ya watu 500, faili litaonekana limejaa, na hakuna atakayegundua mpaka siku ya shida.

Cha pili ni mipangilio. Kwenye OpenLDAP ya sasa mipangilio nayo ni saraka ndogo, namba yake ni 0, na hutolewa kwa slapcat -n 0 -l mipangilio.ldif. Humo mna skima, moduli, na sheria za nani asome nini. Hizi sheria ndizo zinazonitia hofu zaidi zinapopotea. OpenLDAP isipopewa sheria yoyote, humruhusu kila anayeifikia kusoma kila kitu. Fundi mwenye haraka akirudisha data kwenye mashine mpya kwa mipangilio aliyoitunga mwenyewe bila sheria hizo, kila kitu kitaonekana kinafanya kazi, kumbe nywila zilizosagwa za taasisi nzima ziko wazi kwa yeyote aliyeunganika na Wi-Fi.

Cha tatu ni vyeti na funguo za usimbaji. Mipangilio hutaja tu faili la cheti liko wapi, cheti chenyewe hakimo ndani ya LDIF. Bila cheti na ufunguo wake wa siri mahali palipotajwa, seva hukataa kuwaka.

Cha nne ni orodha ya vipande vya ziada vilivyowekwa. Kuna taasisi zinazosaga nywila kwa njia ya SHA-512, na kwenye OpenLDAP njia hiyo huhitaji moduli ya ziada iitwayo pw-sha2. Mashine mpya isipowekewa moduli hiyo, saraka itawaka, majina yote yataonekana, lakini kila anayeandika nywila yake sahihi ataambiwa amekosea. Hapo ndipo ofisi hukaribia kuwalazimisha watu mia tano wabadilishe nywila bila sababu.

Cha tano ni karatasi. Andika jina la mashine, anwani yake ya mtandao, toleo la mfumo na la OpenLDAP, na namna ya kuipata nywila ya msimamizi. Karatasi hiyo iwekwe kwenye bahasha, kwenye sefu, mbali na chumba cha seva. Nimeshakutana na ofisi ambayo nywila ya kufungulia bakapu ilihifadhiwa ndani ya seva ile ile iliyokufa.

Hatua za kurudisha

Sasa tuseme mashine mpya iko mezani na vitu vitano unavyo. Kazi huenda kwa mpangilio huu.

1. Iandae mashine ikiwa kando ya mtandao wa kawaida, ili isianze kujibu maswali ya watu kabla haijawa tayari. Hakikisha saa yake ni sahihi. Mashine iliyokaa dukani na betri ndogo iliyokufa huweza kudhani tuko mwaka mwingine, na hapo kila cheti kitaonekana kimepitwa na wakati au bado hakijaanza.

2. Weka OpenLDAP, kisha izime. Inapowekwa kwenye Debian au Ubuntu, huunda yenyewe saraka tupu na mipangilio ya mwanzo. Hamisha kando yaliyomo kwenye /etc/ldap/slapd.d na /var/lib/ldap. Ukimimina bakapu juu ya saraka hiyo tupu utapata migongano isiyoeleweka.

3. Rudisha mipangilio kwanza: slapadd -n 0 -F /etc/ldap/slapd.d -l mipangilio.ldif. Mipangilio hutangulia kwa sababu ndiyo inayoieleza seva sifa gani zinaruhusiwa na data iwekwe wapi. Kama unatoka toleo la zamani, tengeneza nakala ya faili hili na uirekebishe kabla. Panapotajwa hdb paandikwe mdb, na vipengele vilivyokuwa vya hdb pekee viondolewe. Kama mlitumia sera ya nywila, skima ya ppolicy iliyokuwa faili peke yake iondolewe, kwa sababu kuanzia toleo la 2.5 imo ndani ya moduli yenyewe. Tena taja ukubwa wa juu wa hifadhidata, olcDbMaxSize. Usipoutaja, ukubwa ni megabaiti 10 tu, na data kubwa itakwama katikati ya njia.

4. Weka vyeti na funguo mahali palipotajwa, na uhakikishe mtumiaji anayeendesha seva anaweza kuusoma ufunguo. Wengine wote wasiweze.

5. Jaribu data bila kuiandika, kwa kuongeza -u kwenye amri ya slapadd. Makosa ya skima yatajitokeza hapo. Zikiisha lawama, rudisha kweli: slapadd -n 1 -F /etc/ldap/slapd.d -l data.ldif.

6. Rudisha umiliki wa mafaili. Amri hizi hutolewa na msimamizi mkuu wa mashine, hivyo mafaili yote huwa mali yake, wakati seva huendeshwa na mtumiaji mwingine mwenye uwezo mdogo. Kwenye Debian ni chown -R openldap:openldap kwa folda zote mbili. Kwenye jamii ya Red Hat mtumiaji huitwa ldap na mipangilio hukaa /etc/openldap. Kama seva imekataa kuwaka baada ya kurudisha, mimi huanza kutazama hapa kabla ya kwingine.

7. Iwashe na usome kumbukumbu zake. Kisha hesabu: idadi ya mistari inayoanza na dn: kwenye faili la bakapu lazima ilingane na idadi utakayopata ukitoa slapcat mpya kutoka kwenye mashine mpya. Usikubali "karibu sawa".

8. Mwite mtu wa kweli, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, waingie kwa nywila zao wenyewe kutoka kompyuta iliyounganishwa na mashine mpya peke yake. Wakiingia, jaribu pia kwa nywila isiyo sahihi. Mlango unaofunguka kwa kila mtu nao ni ubovu.

9. Mwisho kabisa elekeza jina la huduma kwenye mashine mpya. Ndiyo maana hushauri mifumo yote ielekezwe kwa jina la huduma, na si kwa jina la mashine wala namba yake. Cheti hutolewa kwa jina, na mteja akikuta jina kwenye cheti halilingani na jina aliloliita, hukata mawasiliano. Jina likibaki lile lile, mifumo haijui hata kama mashine imebadilika.

Mashine ya zamani ikitengenezwa baadaye na fundi wa ubao, isirudishwe kwenye mtandao. Ikirudi na jina lile lile au namba ile ile ya utambulisho wa unakilishaji, mtakuwa na madaftari mawili yanayobishana, kila moja likidai ndilo la kweli.

Anayefufuka pamoja na bakapu

Kuna jambo ambalo mwongozo mwingi hauligusi na linahusu ofisi zaidi kuliko fundi. Bakapu ni picha ya wakati fulani. Tuseme ilichukuliwa Jumatatu usiku. Jumanne mhasibu mmoja akaachishwa kazi na akaunti yake ikafungwa. Jumatano mashine ikafa, Alhamisi bakapu ikarudishwa. Kuanzia Alhamisi akaunti ya mhasibu yule iko wazi tena, na nywila yake ya zamani inafanya kazi. Hakuna aliyemfungulia, na hakuna taarifa itakayotokea kwenye skrini.

Vivyo hivyo muuguzi aliyebadilisha nywila Jumanne kwa sababu ilijulikana na watu, nywila yake mbaya imerudi. Kwa hiyo kila ofisi ya wafanyakazi iwe na daftari la mabadiliko: nani ameingia, nani ametoka, akaunti ipi imefungwa, tarehe na saa. Baada ya kurudisha, daftari hilo hupitiwa mstari kwa mstari kuanzia saa ya bakapu, kabla mlango haujafunguliwa kwa watu. Ni kazi ya robo saa ikiwa daftari lipo. Lisipokuwepo, ni kubahatisha.

Kwa wanaotumia Active Directory, nyongeza ni mbili. Bakapu ya saraka hiyo ina umri: kwa kawaida ni siku 180, kwa sababu alama za vitu vilivyofutwa huhifadhiwa muda huo kisha hutupwa. Nakala iliyopita umri huo haifai kurudishwa penye seva nyingine zilizo hai. Pili, kuna nywila maalumu ya hali ya kurudisha saraka, inayowekwa siku seva inapoundwa. Ofisi nyingi haziikumbuki, nayo haifanani na nywila ya kila siku. Iandikwe kwenye ile bahasha.

Sheria nayo imo

Faili la data.ldif la hospitali au chuo lina majina, simu na nywila zilizosagwa za kila mtu. Likikaa wazi kwenye flashi iliyoning'inia kwenye funguo za pikipiki, ni kama kabati la mafaili kuachwa kituo cha matatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na pia aweze kuzirudisha zinapopotea kwa hitilafu ya mitambo. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Kwa hiyo bakapu ifungwe kwa usimbaji, na ufunguo wake ukae mahali pengine. Nakala moja iwe nje ya jengo, kwani moto na mwizi hawachagui diski.

Bodi ziulize nini

Maoni yangu ni kwamba kosa hapa si la mafundi peke yao. Fundi wa chuo huwa mmoja, ndiye wa printa, ndiye wa projekta, ndiye wa kamera za ulinzi. Hatengewi siku ya kufanya mazoezi ya kurudisha bakapu kwa sababu siku hiyo haionyeshi kitu kipya cha kupigia picha. Fedha za kununua diski hupatikana, za kulipia siku ya majaribio hazipatikani.

Na mazoezi yenyewe si ghali. Saraka ya watu mia kadhaa ni faili la megabaiti chache. Kompyuta ya zamani iliyotupwa stoo inatosha kabisa. Mara moja kila muhula, fundi achukue bakapu ya jana, aende na kompyuta hiyo chumba kisicho na mtandao, aanze saa, afuate hatua tisa nilizozitaja, na asimamishe saa mtu wa kwanza anapoingia kwa nywila yake. Aandike ilichukua dakika ngapi na alikwama wapi. Mara ya kwanza atakwama. Ni afadhali akwame Jumamosi yenye utulivu kuliko wiki ya mitihani. Akimaliza, afute kila kitu kwenye kompyuta ile, maana imebeba taarifa za watu.

Kwa hiyo, ewe mjumbe wa bodi unayesoma haya, katika kikao kijacho usiulize kama bakapu ipo. Uliza ilirudishwa lini mara ya mwisho kwenye mashine nyingine, ilichukua dakika ngapi, nani alikuwepo, na daftari la mabadiliko liko kwa nani. Ukijibiwa kwa tarehe na dakika, mshukuru fundi wako. Ukiambiwa "ipo, usiwe na wasiwasi", mtengee siku moja mwezi huu, na mpe ile kompyuta iliyoko stoo.